Mita mbili za maji: hesabu ya dripu pembezoni mwa Dar es Salaam

Kiangazi kikikolea, kuanzia Juni hadi vuli inapokaribia, bustani za mboga za pembezoni mwa Dar es Salaam huishi kwa maji ya kisima, ya bomba au ya boza. Chamazi, Mbande na Toangoma upande wa Temeke, Bunju, Boko na Mabwepande upande wa Kinondoni, sura haibadiliki sana: tenki jeusi juu ya jukwaa la mbao au la matofali, bomba linaloshuka kutoka kwenye tenki, na juu ya matuta imelazwa mipira ya matone ambayo wengi huiita dripu. Na mara nyingi kasoro nayo ni moja. Matuta ya karibu na tenki yamenawiri, mchicha una rangi, bamia zimesimama. Ya mwisho yamedumaa. Mwenye bustani huambiwa kuwa presha ni ndogo, hivyo aliinue tenki au anunue pampu.

Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini unaanza mahali pasipofaa. Katika bustani nyingi za ukubwa huu, presha iliyopo ingetosha kabisa kama isingepotea njiani. Inapotelea kwenye bomba jembamba linalotoka kwenye tenki na kwenye mwinuko wa ardhi ambao jicho halioni. Hesabu ya kulionyesha hili haihitaji shahada ya uhandisi, ila inahitaji uvumilivu kidogo.

Tuanze na presha yenyewe. Presha ya maji yaliyotulia ni kimo chake tu. Mita 10 za maji ni karibu baa moja, na wala si hoja kama tenki ni la lita 500 au 5,000. Kinachohesabika ni umbali wa wima kutoka usawa wa maji ndani ya tenki hadi kwenye tundu la mpira pale chini. Jukwaa la kawaida la mtaani, ukijumlisha na maji yaliyomo ndani ya tenki, hutupa wastani wa mita 2 hivi, yaani sehemu moja ya tano ya baa. Karatasi ya muuzaji wa dripu kwa kawaida hutaja kiasi cha maji kinachotoka kwenye kila tundu presha ikiwa baa moja. Mkulima wetu ana moja ya tano ya hiyo.

Je, atapata moja ya tano ya maji? Hapana. Tundu la dripu si tundu la kutobolewa kwa sindano. Ndani yake mna njia ndefu, nyembamba, yenye kona nyingi, na maji hulazimika kujigonga humo mpaka nguvu iishe yatoke tone kwa tone. Wazo la kutumia njia ndefu kuua nguvu ya maji lilifanyiwa kazi na mhandisi Simcha Blass huko Israeli, na mwaka 1965 kibbutz (kijiji cha ushirika) ya Hatzerim ilianzisha kampuni ya Netafim kulitengeneza kibiashara. Njia za leo zenye kona zina tabia moja muhimu: kiasi cha maji hufuata kipeuo cha pili cha presha. Presha ikishuka mara nne, maji hushuka mara mbili tu. Kwa hiyo tundu la lita 1 kwa saa kwenye baa moja litatoa karibu lita 0.45 kwenye mita zetu 2. Ni machache, lakini yanatosha. Unachoongeza ni saa za kufungulia.

Kenya ililithibitisha hili kwa vitendo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 taasisi ya utafiti wa kilimo ya huko, KARI, ilieneza vifaa vya ndoo: ndoo ya lita 20 iliyoinuliwa mita 1 tu, mistari miwili ya mipira yenye urefu wa mita 15 hivi, mboga za kula nyumbani. Mita 1 ilitosha kwa sababu mistari ilikuwa mifupi na maji yalikuwa kidogo. Mambo yanaharibika pale tunapochukua presha ya ndoo na kuitwisha bustani ya nusu robo ya eka.

Hapa naomba nitoe onyo moja la manunuzi. Zipo dripu za bei ya juu zenye kiwambo cha mpira ndani, zinazosawazisha matone zenyewe hata presha ikipanda na kushuka. Ni nzuri mno penye pampu. Nyingi huanza kufanya kazi yake presha ikifika karibu nusu baa au zaidi, kwa hiyo chini ya tenki la mita 2 kiwambo hakina nguvu ya kukisukuma. Ukizinunua kwa tenki kama hili umelipia kifaa ambacho hakitaamka.

Sasa lengo. Wasanifu wa umwagiliaji wamezoea kanuni kwamba ndani ya eneo linalofunguliwa kwa pamoja, tofauti ya maji kati ya tundu linalopata mengi na linalopata machache isizidi asilimia 10 hivi. Kwa sababu ya kile kipeuo cha pili, asilimia 10 ya maji ni sawa na asilimia 20 ya presha. Mwenye pampu ya baa moja ana mita 2 nzima za kupoteza bila mboga kujua. Mwenye tenki la mita 2 ana sentimita 40, na humo humo agawane msuguano wa mabomba na mteremko wa shamba. Ndiyo maana nasema hesabu ya dripu ya tenki ni hesabu ya sentimita.

Tuchukue mfano wa bustani ya mita 20 kwa 25, mita za mraba 500. Laini 20 za dripu, moja kila mita, kila laini urefu wa mita 25, matundu kila sentimita 30. Hiyo ni matundu 83 kwa laini, na kwa lita 0.45 kwa tundu bustani nzima inakunywa karibu lita 740 kwa saa. Mboga za majani zilizofunika ardhi kwenye joto la pwani huhitaji milimita 4 hadi 5 kwa siku, yaani lita 2,000 hadi 2,500. Basi tenki la lita 2,000 likifunguliwa kwa saa 3 hivi limefanya kazi ya siku.

Wengi hudhani msuguano mkubwa uko kwenye laini za dripu, kwa kuwa ni nyembamba na ndefu. Sivyo. Kwenye laini yetu ya milimita 16, hata matundu yangekuwa yanatoa lita 1 kamili, mita 25 hupoteza sentimita moja na kidogo tu. Sababu ni kwamba maji hupungua kadiri yanavyokwenda, kama daladala iliyotoka Kariakoo imejaa ikawa inashusha abiria kila kituo mpaka inafika Chamazi na watu wawili. J. E. Christiansen, mtaalamu wa umwagiliaji wa Marekani, aliliwekea jambo hili hesabu mwaka 1942: bomba lenye matoleo mengi yaliyopangwa sawasawa hupoteza kiasi cha theluthi moja hivi ya kile ambacho lingepoteza kama maji yote yangekwenda mpaka mwisho. Tena hasara hiyo haigawanyiki sawa. Karibu robo tatu yake inaishia kwenye asilimia 40 ya kwanza ya urefu. Nusu ya mwisho ya laini karibu haina msuguano, na ukiona mimea ya mwishoni tu inanyauka, wa mwanzo kushukiwa ni uchafu uliosogezwa hadi huko au ardhi inayopanda.

Balaa liko juu zaidi, kwenye bomba linalobeba lita zote 740 kutoka kwenye tenki. Tuseme lina urefu wa mita 20. Likiwa la nusu inchi, kipenyo cha ndani milimita 16 hivi, kupitisha maji hayo kungegharimu sentimita 165. Likiwa la robo tatu, la milimita 20 ndani, ni sentimita 56. La inchi moja, milimita 26, ni 15 au 16. La inchi moja na robo, milimita 32 ndani, ni kati ya 5 na 6. Kipenyo kimezidishwa mara mbili na hasara imeshuka karibu mara 30, kwa sababu msuguano hufuata kipenyo kwa kipeo kinachokaribia cha tano. Katika fani nzima ya mabomba sijui kanuni nyingine inayompa mtu mwenye fedha kidogo faida kubwa kiasi hiki.

Ongeza kona. Maji yanayokimbia mita 1 kwa sekunde ndani ya bomba la nusu inchi hupoteza karibu sentimita 5 kwenye kila elbo kali. Elbo nne, sentimita 20: nusu ya bajeti yetu yote imekwenda kwenye viungo ambavyo fundi aliviweka ili bomba lipite vizuri ukutani. Kwenye inchi moja na robo elbo hizo hizo hula milimita chache.

Msomaji makini atauliza: kama nusu inchi inadai sentimita 165 kati ya 200, mbona maji bado yanatoka? Kwa sababu mfumo hujisawazisha. Maji yakipungua msuguano nao unapungua, mpaka pande mbili zikutane. Katika mfano wetu hukutana pale ambapo bustani inapata takriban lita 540 kwa saa badala ya 740, na presha inayobaki mwanzoni mwa laini ni kama mita 1. Kwa macho hakuna kilichoharibika. Matone yanadondoka, upungufu wa robo hauonekani, na mkulima anaongeza saa moja. Hasara ya kweli imejificha: presha ya kupigana na mteremko imekatwa nusu.

Na mteremko upo. Toka ufukweni uelekee bara, mji huu una vilima vya mchanga na mabonde madogo; bustani ya mita 20 inayopanda nusu mita kutoka upande mmoja hadi mwingine ni jambo la kawaida kabisa Mabwepande, na mtu anayetembea juu yake hauoni mwinuko huo. Tenki nalo huwekwa karibu na nyumba au kisima, hata kama pale ndipo chini. Katika hali hiyo, ukiwa na bomba kuu la inchi moja na robo, laini ya juu kabisa hupata maji pungufu ya ile ya chini kwa asilimia 14 hivi. Ukiwa na nusu inchi, pungufu ni karibu robo. Shamba ni lilelile, tenki lilelile, dripu zilezile. Kila siku, kiangazi chote, tuta la juu linakosa robo ya chakula chake, na mkulima akiongeza muda ili tuta la juu lishibe, la chini linazama na mbolea yake inaoshwa kwenda chini ya mizizi.

Kwa msingi huo turudi kwenye ule ushauri wa kuinua tenki. Tenki la lita 2,000 likijaa lina uzito wa tani 2. Kulipandisha kutoka mita 2 hadi 4 kwenye mchanga wa Mbagala ni kazi ya msingi, nguzo na nondo, na jukwaa bovu huua watu. Faida yake: maji huongezeka kwa asilimia 41 tu, si mara mbili. Lakini kama bomba ni lile la nusu inchi, karibu nusu ya kila mita unayoipanda inaliwa na bomba. Sikatai kuinua, penye mwinuko wa mita nzima hakuna njia nyingine zaidi ya kuinua, kuhamisha tenki upande wa juu, au pampu. Ninachosema ni kwamba mita 20 za bomba nene hutangulia.

Kuna njia ambayo haina gharama karibu yoyote, na nashangaa haitumiki zaidi: kugawa bustani mafungu mawili yenye koki zake na kumwagilia kwa zamu. Laini 10 zikifunguliwa badala ya 20, maji kwenye bomba kuu yanakuwa nusu na msuguano unashuka kama mara tatu na nusu. Mwenye bomba la robo tatu, aliyekuwa anapoteza sentimita 56, sasa anapoteza 15, sawa na aliyenunua la inchi moja. Muda unaongezeka, maji ni yaleyale. Na fungu likikatwa kwa kufuata mwinuko, la juu peke yake na la chini peke yake, kila moja lina robo mita tu ya mwinuko ndani yake, na saa za kufungulia zinaweza kutofautiana. Kwa tenki la mita 2 naliona hili kuwa lazima popote ambapo ardhi si tambarare.

Mpangilio wa laini nao una neno. Laini za dripu zilale kwa kukingama na mteremko, kila moja kwenye usawa wake, na bomba la kugawia ndilo lishuke. Wengi hufanya kinyume kwa sababu matuta yalikuwa tayari yamechimbwa. Mwenye shamba refu asiingize maji kwenye ncha moja; aingize katikati, laini ziende huku na huku. Urefu unakuwa nusu na maji nusu, na hasara ndani ya laini hupungua karibu mara saba.

Tenki likiwa linaisha, kimo cha maji chenyewe hushuka, tuseme kutoka mita 2.6 hadi 1.4, na matone hupungua kwa zaidi ya robo. Hili halina ubaya mkubwa, maana linaigusa mimea yote kwa pamoja. Isipokuwa tu kwamba katika nusu saa ya mwisho ule mwinuko wa nusu mita unakuwa sehemu kubwa zaidi ya presha iliyobaki. Penye maji ya uhakika ni bora kujaza tenki tena likifika nusu.

Maji ya uhakika si jambo la kulisema kirahisi katika mji huu. Mwishoni mwa Oktoba 2022, mto Ruvu ulipopungua, mamlaka ya maji ya jiji, DAWASA, ilitangaza mgawo, na maji yakawa yanafika kwa zamu. Tenki ndilo linalotenganisha ratiba ya bomba na ratiba ya mizizi. Lina kazi nyingine pia ambayo haizungumzwi: mtu anayeunga dripu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, presha ya mtaa ikikatika, mfumo wake unaweza kunyonya udongo na mbolea kurudi kwenye maji ya kunywa. Bomba linalomwagia tenki kutokea juu, likaachiwa nafasi ya hewa, haliwezi kufanya hivyo.

Mchanga unaufanya usawa wa matone kuwa muhimu zaidi hapa kuliko kwingineko. Kwenye udongo mzito wa bonde la Msimbazi tone husambaa pembeni, na mmea uliokosa huweza kuazima kwa jirani. Kwenye mchanga maji hushuka wima, yanalowesha sehemu nyembamba na kupita. Hakuna wa kuazimwa. Kwa hiyo matundu yawe karibu, sentimita 20 au 30, na ni afadhali kumwagilia asubuhi na jioni kidogo kidogo kuliko mara moja kwa wingi.

Visima vya karibu na bahari huongeza chumvi. Dripu huisukuma chumvi kwenye kingo za sehemu iliyolowa na masika huja kuiosha. Hatari ni manyunyu mepesi ya kiangazi yanayoirudisha kwenye mizizi, kwa hiyo mvua ndogo ikinyesha usifunge dripu. Chujio nalo lazima liwepo, na liwe kubwa kuliko unavyodhani linahitajika, maana chujio dogo lililoshika uchafu laweza kula presha kuliko bomba lote.

Basi mtu atajuaje bustani yake inaumwa wapi? Saa za presha za madukani hazisomi vizuri chini ya moja ya tano ya baa. Chombo kinachofaa ni ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ambao waashi huutumia kusawazisha msingi. Fungua mfumo wote ufanye kazi, chomeka mpira mwanzoni mwa bomba la kugawia, usimamishe wima kando ya ufito uliowekwa alama. Maji yatapanda ndani yake na kusimama: kimo kile, kutoka ardhini, ndiyo presha uliyonayo, kwa sentimita. Pima pia usawa wa maji ndani ya tenki kutokea ardhi hiyo hiyo. Tofauti ya vipimo viwili ni kile kilicholiwa na bomba, elbo na chujio. Ikizidi sentimita 20, safisha chujio kwanza, pima tena, kisha fikiria bomba nene au zamu. Halafu hamishia mpira kwenye ncha ya laini ya juu kabisa na ya laini ya chini kabisa. Kama maji yanasimama juu sana huku na chini sana kule, tatizo ni ardhi, na hapo ndipo mafungu na upande wa kuweka tenki vinapohusika. Kama vimo vinakaribiana na bado kopo lililowekwa chini ya tundu moja linajaa wakati la jirani lina matone mawili, presha haina kosa. Fungua ncha za laini, acha maji yatoke kwa nguvu mpaka yawe meupe, ufunge tena.